Diploma Niliyoisomea Juu ya Ulingo

Kama umeacha shule kwa sababu ya kikohozi, au uko karibu kuacha, haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza wadudu wa kifua kikuu wanafanya nini ndani ya mapafu. Hayo munganga wako wa hospitali atakuambia, na asipokuambia muulize mpaka achoke. Mimi nitakueleza jinsi mtu anavyokaa na daftari mkononi wakati mwili wake umekataa, kwa maana hilo ndilo nililotaka kuambiwa mwaka ule na sikumpata wa kuniambia. Jina langu ni Riziki. Leo nafundisha darasa la tatu huku Wamaza, na watoto wangu wanalalamika kwamba nina sauti kubwa mno. Nawaacha walalamike.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita la sekondari, mwaka wa mwisho, sehemu ya pedagojia, yaani ualimu, mjini Kasongo. Nilikaa kwa shangazi Zaina, dada wa baba yangu, aliyeolewa na mfanyabiashara Mwislamu na kuhamia dini ya mumewe. Sisi wa Wamaza ni Wakristo na wakulima wa mpunga, wao ni Waislamu wa mjini, na jambo hilo halikuwahi kutugombanisha. Kwao chakula kililiwa kwa sinia moja, wanawake na watoto tukiwa tumelizunguka, kila mmoja akichota upande wake. Binti yake Sauda nilisoma naye darasa moja.

Baba alikuwa ameniambia mapema: mwaka ujao ni zamu ya mdogo wangu kwenda mjini, na nyumba ya shangazi haiwezi kupokea wawili. Kwa hiyo mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat, nilikuwa naufanya mwaka ule au siufanyi kabisa. Nikiukosa, ningerudi kushika jembe. Jembe silidharau, nimelishika tangu utotoni, lakini nilitaka kufundisha tangu siku nilipojua kwamba kuna watu wanaolipwa ili waongee.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa kiangazi, shule zikifunguliwa, nami nikalaumu vumbi. Mvua za kwanza zikaja, vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Sasa nikalaumu mvua. Usiku nilitoka jasho mpaka shuka ikawa ya kukamua, na asubuhi Sauda alinisaidia kuianika bila kuuliza. Sketi yangu ya bluu nilianza kuikunja kiunoni, kisha nikaifunga kwa kamba. Darasani mwalimu aliponisimamisha kusoma, nilifika katikati ya mstari pumzi ikakatika, akaniambia nikae. Tangu siku hiyo hakunisimamisha tena. Alinihurumia, najua, lakini huruma yake iliniuma kuliko kifua.

Nyumbani binamu zangu wadogo waliacha kuchota karibu na upande wangu wa sinia. Walifanya kwa siri, kwa namna ya watoto, yaani kila mtu aliona. Siku moja nikakuta wali wangu umewekwa peke yake, kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, kando kidogo na wenzangu. Nikala nikitazama ukuta.

Ndipo shangazi alipomtumia mama habari kwa mwendesha pikipiki, kwamba mtoto anakonda, aje. Mama alifika matope yamempanda mpaka magotini, akanishika uso, akaninyanyua mkono akaupima kwa vidole vyake. Chakula kilipotengwa aliiona ile sahani ya maua mekundu.

"Hii sahani ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya Riziki," shangazi akajibu.

"Juu ya nini Riziki anakula yeye peke yake?"

"Iko anakohoa, wifi. Batoto banaogopa."

Mama aliisogeza sahani mbali kwa ncha ya kidole. "Miye najua kintu kimoja," akasema. "Mutu anatengewa chakula wakati mu ile chakula muko kintu."

Kwetu maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Mtu akikonda taratibu na kukohoa, wa kwanza kufikiriwa ni aliyempikia. Shangazi alisimama, akafunga kitenge chake upya, akauliza kwa sauti ndogo: "Wifi, unasema miye nimemupatia mutoto ya kaka yangu sumu?"

"Nimeshasema," mama akajibu, na kesho yake asubuhi tukaondoka. Shangazi hakutoka kutuaga. Sauda alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki, akalia, nami nikalia, dereva akaona afadhali akague mnyororo wa pikipiki.

Hospitali ilikuwa pale pale Kasongo. Tulipita mbele ya lango lake. Lakini mama alikuwa na yakini, na mwenye yakini haendi kupima. Alinipeleka kwa mganga wa mizizi upande wa Lusangi, anayejulikana kwa kutapisha sumu. Nilikunywa maji machungu ya rangi ya udongo, nikatapika mpaka tumbo likabaki halina cha kutoa. Mganga akachungulia, akasema ameiona sumu, imetoka. Mimi nilichokiona ni muhogo wa asubuhi. Mama alifurahi sana, alinifunika kwa kitenge chake njia nzima, nikakosa moyo wa kumwambia kwamba bado nakohoa.

Wiki zilipita hivyo Wamaza. Mpunga ulipandwa, ukaota, ukafika magotini, nami nikaendelea kupungua. Asubuhi moja nikakohoa damu kwenye kiganja, nikamwonyesha mama. Hakusema sumu siku hiyo. Alisema tu, "Vaa viatu."

Kwenye kituo cha afya kuna benchi la ukutani, nje, chini ya ukingo wa paa, na wote wanajua ni la akina nani. Wenye malaria na wajawazito hukaa ndani. Sisi tuliwekwa kwenye upepo. Nilikaa na mzee mmoja aliyeshika redio isiyo na betri, na mwanamke aliyekuwa akinyonyesha huku amegeuza uso. Kila mmoja alikohoa kwa zamu, na mwenzake akikohoa, wengine walitazama chini kwa adabu. Nikapewa kikopo cha makohozi, nikarudi tena na kingine cha alfajiri, kisha kungojea, kisha kuambiwa mashine haina moto wa umeme, kisha kungojea tena. Usije ukafikiri kungojea ni kukaa bure. Kungojea kunachosha kuliko kupalilia, na ukirudi nyumbani umechoka usijilaumu.

Munganga Asumani, muuguzi wa pale, ndiye aliyetuita. Alikuwa mtu mfupi mwenye kusema mambo mazito kana kwamba anaagiza chumvi.

"Mama, siyo sumu. Ni ugonjwa ya kifua. Dawa iko, inatolewa bure, na mutoto atapona kama ataimeza yote mpaka mwisho. Sasa niambieni: ku nyumba yenu ni nani mwingine anakohoa?"

Mama alisema hakuna. Mimi nilisema, "Yaya Musafiri."

Musafiri ni kaka yangu mkubwa, anachimba dhahabu Salamabila. Kiangazi kile alikuwa amekuja nyumbani kupumzika, anakohoa, na sote tukasema ni vumbi la mashimo. Nilikuwa likizo. Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, kwa sababu ndiye kaka anayenichekesha. Kisha yeye akarudi Salamabila, mimi nikaenda Kasongo na kile alichoniachia.

Mama aliinama akaanza kukwangua tope kwenye ndara zake kwa kijiti, na akaendelea kukwangua hata baada ya tope kwisha. Njiani alitembea mbele yangu, na tulipokaribia nyumbani akasema bila kugeuka: "Imetoka ku nyumba yetu."

Musafiri aliitwa, akakataa, akaitwa tena kwa ukali wa mama, akaja. Naye alimeza dawa, na hadithi yake ataandika mwenyewe kama atapenda.

Vidonge vya kwanza vilinitisha. Mkojo uligeuka mwekundu wa chungwa, nikampigia mama kelele kwamba sasa nakufa kweli, mpaka munganga Asumani akanicheka. Tumbo lilichafuka kila asubuhi. Vidole vya miguu viliwaka. Kila siku ilinibidi nimeze mbele ya mtu, nifungue kinywa nionyeshe, mimi msichana mzima ninayesubiri diploma. Lakini baadaye kidogo njaa ikarudi, na njaa hiyo sijawahi kuipata tena. Nilikula wali na sombe ya majani ya muhogo, nikamaliza, nikatazama chungu. Mama aliniongezea bila kusema, na nikiinua macho namkuta ananitazama ninavyotafuna.

Baba yeye alikuwa amefunga hesabu. "Mwaka umekwisha," alisema jioni moja, akinoa panga. "Pona kwanza. Masomo haiko kintu ya kukufia."

"Baba, jina langu bado liko shuleni."

"Nani alikuambia?"

Aliyeniambia ni mwendesha pikipiki. Alikuwa amefika siku hiyo na mzigo uliofungwa kwa kitenge na kuzungushiwa plastiki, ndani yake madaftari ya Sauda ya masomo yote. Juu ya mzigo aliniletea maneno, akayasema akiwa bado juu ya pikipiki: "Mama Zaina wa Kasongo anasema, ameenda kwa prefe wa shule, jina lako halijafutwa. Anasema soma. Nitapita tena kuchukua haya na kuleta mengine." Mama alikuwa uani anatwanga. Alisikia kila neno. Mchi ulisimama hewani, kisha ukaendelea.

Basi nilikuwa na madaftari, nilikuwa na jina shuleni, na sikuweza kusoma. Hili ndilo nataka ulisikie vizuri wewe unayekohoa. Watu watakuambia usome kidogo kidogo, ujipe moyo, ufikirie mbele. Nilijipa moyo mpaka ukaisha. Nilikaa chumbani, nikafungua ukurasa wa saikolojia ya mtoto, nikausoma, nikafika chini sikumbuki juu. Nikasinzia. Nikaamka na alama ya daftari shavuni. Hasira ilinishika, nikatupa daftari, kisha nikalifuata kwa sababu lilikuwa la Sauda. Kusoma peke yangu, kimya, ndani ya chumba kinachonuka dawa, kulinishinda. Nilianza kuamini kwamba baba amesema kweli.

Ni mpunga ulioniokoa. Ulipoanza kukomaa, ndege wakaja, wale wadogo wanaoshuka kwa makundi na kunyonya punje zikiwa bado maziwa. Kipindi hicho kila shamba lazima liwe na mtu juu ya ulingo, jukwaa la miti lenye kipaa cha majani, tangu alfajiri mpaka jua linapozama, akipiga kelele. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya watoto. Lakini munganga alikuwa ametuambia upepo ni mzuri kwangu, na jembe sikuliweza, kwa hiyo mama akaamua: "Utafukuza ndege." Nilipanda ulingo kwa kupumzika kwenye kila ngazi, nimebeba chupa ya maji na daftari moja.

Kila nyumba kwetu ina mlio wake wa kufukuzia ndege. Ukipita barabarani unajua ni shamba la nani kwa kusikia tu. Mlio wetu ni wa kuvuta mwisho kwa urefu, na siku ile ya kwanza nilifungua kinywa kuutoa, ukatoka mnong'ono. Ndege hawakuinua hata kichwa. Walikula mpunga wa baba mbele ya macho yangu. Nilivuta kamba yenye mikebe, ikalia, wakaruka, wakatua hatua chache mbele. Nilikaa chini ya kipaa nikalia, na wao wakaendelea kula.

Siku iliyofuata nilikuwa nimekasirika. Niliinuka na daftari la historia nikaanza kuwasomea ndege kwa nguvu, kama kuwatukana. Nilisoma mistari miwili, nikakohoa, nikapumzika, nikasoma mingine miwili. Sauti ilikuwa mbovu lakini ilikuwa haikomi, na ndege hawapendi kitu kisichokoma. Wakahama. Wakaenda shamba la jirani, kwa Mama Feza, mjane anayelima peke yake ng'ambo ya kijito, naye akaninyooshea ngumi kwa kucheka.

Nikafanya hivyo kila siku. Asubuhi vidonge, kisha ulingo. Sura nzima ya historia niliipigia kelele, kisha jiografia, kisha ile pedagojia kwa Kifaransa chake kigumu. Mistari miwili ikawa minne. Ukurasa nilioupigia kelele mara kadhaa sikuweza kuusahau hata nikitaka, kwa sababu niliulipia kwa pumzi. Baada ya muda nikaona sisinzii tena.

Alasiri moja nilinyamaza ili ninywe maji. Mama Feza akaniita kutoka ng'ambo.

"Riziki. Juzi ulisema mambo ya mutoto, vile anaanza kusema uongo. Uliachia katikati. Ikaendelea namna gani?"

"Mama, ilikuwa Kifaransa. Ulisikia?"

"Nilisikia 'mensonge'. Hiyo neno padri anaisemaka. Nielezee kwa Kiswahili, miye niko na mujukuu muongo."

Nikamweleza. Nilidhani naijua sura ile, nikafika mahali nikagundua siijui, kwa sababu maneno ya Kifaransa nilikuwa nayapita juu juu na Kiswahili kilinidai nieleze. Nikarudi kwenye daftari, nikasoma upya, nikamwita: "Mama Feza, nilikosea, sikia." Akasikiliza. Akauliza swali la ajabu kuhusu mjukuu wake. Nikatafuta jibu. Kuanzia hapo nilikuwa na mwanafunzi, na siku nilizoamka mwili umekuwa mzito, nilipanda ulingo kwa sababu Mama Feza angeuliza jana tuliishia wapi. Ukinitaka nikupe dawa ya uvivu wa masomo, ninayo hiyo moja tu: tafuta mtu wa kumweleza, na awe mtu asiyekuogopa.

Sauti ikarudi. Siwezi kukuambia ilikuwa siku gani. Mama alikuwa akija na chakula, na jioni moja aliniambia amenisikia tangu barabarani, nilikuwa nikiwafundisha ndege mito ya Kongo. Alisema hivyo akigeuza uso, akapangusa pua kwa kanga, akasema ni moshi. Shambani hapakuwa na moto.

Kosa kubwa zaidi nilikaribia kulifanya nikiwa na nguvu. Mwili ulipojaa tena, nilivichukia vidonge. Kila asubuhi vilinikumbusha kuwa mgonjwa wakati mimi nilijiona mzima. Siku moja nikamwambia munganga Asumani kwamba nadhani imetosha. Hakunigombeza. Alinielekezea kwa kidevu mtu aliyekaa kwenye benchi la ukutani, yule mzee wa redio, ambaye alikuwa amewahi kumaliza miezi yake miwili ya kwanza ya dawa, akaacha, na sasa ameanza upya akiwa na pumzi ya robo. "Muulize yeye," akasema. Sikumuuliza. Nilimeza.

Makohozi yalipopimwa tena yalikuwa safi. Munganga akasema siambukizi mtu, naweza kwenda Kasongo na kuendelea na dawa huko huko. Sehemu ya kwanza ya mtihani ilikuwa inakaribia, ambapo sisi wa pedagojia husimama kufundisha somo mbele ya jopo la wakaguzi. Nyumbani nikasema nakwenda.

Baba alisema: "Kule utakaa kwa nani?"

Tangu siku ya sahani ile mama na shangazi hawakuwa wamesemezana, ingawa kila madaftari yalipokuja mama ndiye aliyeyapokea, na kila yaliporudi alitia ndani ya kitenge mchele mpya au karanga, bila salamu. Baba alitaka nibaki. Alisema kifua kinaweza kugeuka, alisema barabara mbaya, na kila alilolisema lilikuwa kweli. Mama alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Nitamupeleka miye," akasema.

"Kwa Zaina?"

"Kwa Zaina."

Tulifika Kasongo jua likiwa kali. Shangazi alikuwa uani, anachambua samaki mkavu. Alimwona mama akishuka kwenye pikipiki, akabaki ameshika samaki. Mama hakungoja kukaribishwa. Alivua ndara, akapiga magoti mchangani, mkubwa yeye kwa umri, akasema mbele ya watoto na majirani wawili waliokuwa wakisuka nywele:

"Wifi, nilikuletea jina mubaya mu nyumba yako. Ile ugonjwa ilitoka kwangu, kwa mutoto yangu mwenyewe. Weye ulitenga sahani, miye nilitenga roho. Nimekosa."

Shangazi aliweka samaki chini, akapangusa mikono. Nilimwogopea mama. "Miye pia niliogopa," shangazi akasema mwishoni. "Ningemupeleka ku hospitali, nikatenga sahani. Simama, wifi, muchanga iko moto."

Chakula kilipoiva lililetwa sinia, wali umewekwa katikati kama kilima, samaki na sombe juu yake. Mimi kwa mazoea nilikaa kando nikitafuta sahani yangu. Shangazi alinishika mkono akanivuta, akanikalisha kati yake na mama, akamega samaki kwa vidole vyake akaweka upande wangu, kisha akachota wali kutoka pale pale nilipokuwa nachota mimi, akala. Watoto walimwangalia, nao wakaanza kula. Ile sahani ya maua mekundu sijui aliipeleka wapi, sijaiona tena.

Siku ya kufundisha mbele ya jopo nilipewa somo la sehemu za mmea, darasa la tano. Mmea. Nilitaka kucheka. Nilianza kwa sauti yangu, watoto wa mbele wakarudi nyuma kwenye madawati, na mkaguzi mmoja akainua mkono: "Mademoiselle, hawa watoto hawako mbali." Darasa lote likacheka. Nikaishusha sauti. Katikati ya somo kikohozi kikanijia, kimoja, kirefu. Niligeuza uso kwenye kiwiko, nikasubiri kipite. Zamani ningekaa chini. Nikamuuliza mtoto wa nyuma mizizi inafanya kazi gani, akajibu, tukaendelea mpaka majani.

Mtihani wenyewe ulikuja kiangazi kikiwa kimeanza. Asubuhi zile nilimeza vidonge mbele ya shangazi, ambaye alichukua kazi ya kunichungulia kinywani kwa bidii kuliko munganga yeyote, kisha mimi na Sauda tukaenda kwa miguu. Nilijibu nikisikia kichwani maswali ya Mama Feza. Kidonge cha mwisho nilikimeza siku chache baada ya kuweka kalamu chini, na hakikuwa na ladha tofauti na vingine. Nilikuwa nimetegemea kitu zaidi.

Mama alirudi Kasongo kwa ajili ya kipimo changu cha mwisho, ambacho kilikuwa safi, na akakataa kuondoka kabla ya matokeo. Siku yalipotoka, Sauda ndiye aliyesoma kwenye simu, jina lake, kisha langu. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda, nyeupe, kichwani, usoni, mpaka watu wa barabarani wajue. Shangazi alikuwa na mkebe tayari, alikuwa ameuficha chini ya mto tangu wiki iliyopita. Alinimwagia wote usoni. Poda ikaingia puani, ikaingia kooni, nikaanza kukohoa.

Sauda aliacha kuruka. Watoto walisimama. Mama, ambaye alikuwa anapiga vigelegele, alifunga kinywa na kunitazama kifuani, na shangazi alibaki ameshika mkebe juu, hajui aushushe au la. Nilikohoa tena, nikatema, nikapangusa macho.

"Mama," nikasema, "ni poda."

Mama akautwaa mkebe mkononi mwa shangazi, akaugonga chini ili kilichobaki kitoke, akanimwagia tena.